Maswali ya Wasomaji: Kawa la Ukili Linaweza Kuruka Kama Roketi?

Tangu nieleze hapa namna ya kurusha chupa ya soda kwa maji na pampu ya baiskeli, barua hazijakoma. Kwa wasiokuwa nasi siku ile: chupa ya plastiki hutiwa maji theluthi moja, ikazibwa kwa kizibo kilichotobolewa na kupitishwa valvu, ikasimamishwa mdomo chini, kisha ikajazwa upepo mpaka kizibo kiachie. Upepo uliobanwa unayasukuma maji chini kwa kasi, na maji nayo yanaisukuma chupa juu. Ni kanuni ya tatu ya Newton, ile ya kila nguvu na jibu lake, na wanafunzi wangu wengi waliikariri bila kuiona ikifanya kazi.

Leo naanza na barua ya Mwambani, hapa Tanga, inayohusu kawa la ukili, yaani kifuniko cha chakula kilichosukwa kwa miyaa, na nitakaa nayo kuliko nyingine zote. Ni swali nililolisubiri kwa muda mrefu.

Assalam alaikum Mwalimu. Mimi ni msusi wa mikeka, mapepeo na makawa. Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha pili, anarusha chupa kama ulivyoeleza. Nikamwambia mimi nitasuka roketi yangu. Nimesuka kawa la ukili, upana wa chini sentimita 36, kimo sentimita 42. Muuza dagaa alinipimia kwenye mizani yake, gramu 150. Ndani nimetia chupa ya soda ya lita moja na robo, nikaisukuma mpaka ikakwama, mdomo ukawa sawa na ukingo wa kawa. Tulirusha ufukweni. Lilipanda kimo cha mlango, likapinduka, likaanguka linazunguka. Mtoto anasema roketi lazima iwe nyembamba na iwe na mapezi. Ni kweli? — Msusi, Mwambani

Waalaikum salaam, dada yangu. Si kweli, na umwambie hivyo kwa upole maana kitabuni ndivyo zilivyochorwa. Roketi inaweza kuwa pana, fupi, ya duara, isiyo na pezi hata moja. Kawa lako linaweza kuruka, na linaruka likiwa kawa, bila kubandikwa mabawa ya kadibodi.

Kilicholipindua ni uzito kukaa mahali pasipofaa. Kila kitu kinachopita hewani kina sehemu mbili za kuzijua. Ya kwanza ni kitovu cha uzito: pale ambapo ukikifunga kamba na kukining'iniza kinalala sawa, hakiinamii mbele wala nyuma. Ya pili naiita kitovu cha upepo, yaani pale ambapo msukumo wote wa upepo wa ubavuni, ukiujumlisha, unaangukia. Kitu kikiwa hewani hugeuka kwa kukizunguka kitovu chake cha uzito. Basi kitovu cha upepo kikiwa nyuma yake, roketi ikiyumba upepo unasukuma upande wa mkia, na ncha inarudi njiani. Kikiwa mbele, upepo unasukuma upande wa ncha na kuigeuza kabisa. Mapezi kazi yake ni hiyo tu: kukivuta kitovu cha upepo nyuma. Ukiweza kukipeleka nyuma kwa njia nyingine, au kuusogeza uzito mbele, mapezi ya nini?

Sasa tulipime kawa lako, maana umenipa vipimo vizuri na sitaki vipotee. Umbo lake ni la pia, yaani duara chini na kuchongoka juu. Katika umbo la pia kitovu cha upepo kiko theluthi mbili ya kimo, ukihesabu kutoka kwenye ncha. Theluthi mbili ya 42 ni 28. Iweke alama kwa uzi mwekundu, sentimita 28 kutoka kwenye ncha. Hapo hapabadiliki.

Uzito je? Ganda la pia likiwa tupu, uzito wake nao hukaa theluthi mbili kutoka kwenye ncha, palepale kwenye uzi wako. Kwa hiyo kawa peke yake halina upande linaoupendelea. Chupa yako tupu ina gramu 45 hivi, na katikati yake pako kama sentimita 26. Lakini maji! Umetia theluthi, yaani gramu 400 na ushei, na kwa kuwa mdomo uko chini maji yote yamekaa karibu na ukingo, wastani sentimita 34 kutoka kwenye ncha. Zidisha kila uzito kwa umbali wake, jumlisha, gawa kwa uzito wote: 150 mara 28, 45 mara 26, 400 mara 34, gawa kwa 595. Jibu ni karibu 32. Kitovu cha uzito kiko nyuma ya kitovu cha upepo kwa sentimita nne. Kawa liliondoka na mkia mzito, likaanza kugeuka hapohapo.

Utasema, maji si yanatoka mara moja? Yanatoka, tena chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ila yakishatoka, uzito unarudi sentimita 27 na nusu, karibu juu kabisa ya ule uzi mwekundu. Kawa limeshainama na hakuna nguvu ya kulinyoosha. Ndiyo maana liliendelea kuzunguka mpaka mchangani.

Dawa yake iko mikononi mwako. Toa chupa kubwa, tia ya nusu lita. Hiyo ni nyembamba, itapanda juu zaidi ndani ya kawa kabla ya kukwama, na mdomo wake utabaki kama sentimita 11 ndani ya ukingo. Maji theluthi ya chupa hiyo ni gramu 165 tu, na yatakaa kama sentimita 25 au 26 kutoka kwenye ncha. Kisha kwenye ncha yenyewe funga gramu 60 za mchanga mkavu ndani ya kitambaa laini, ukikaze kwa uzi. Fanya hesabu ileile na chupa hiyo ya gramu 25: kitovu cha uzito kinakuja karibu sentimita 23 kikiwa na maji, na karibu 21 bila maji. Nyakati zote mbili kiko mbele ya uzi mwekundu kwa sentimita tano au zaidi, nami naridhika nazo kwa umbo pana kama hili. Usitie jiwe wala nati ya chuma mahali pa mchanga. Kawa linalokwenda sawa hushuka ncha ikiwa chini, na chini kuna vichwa vya watoto.

Kabla ya kurusha, lijaribu kwa kamba. Ziba chupa kwa kifuniko chake, ikiwa na maji yake, funga kamba ya katani kwenye kitovu cha uzito ulichokipata, nenda uwanjani, ulizungushe juu ya kichwa chako kwa kamba ya mita mbili au zaidi. Likitangulia na ncha, sawa. Likitangulia na ukingo, au likitapatapa, ongeza mchanga. Kisha mwaga maji ujaribu tena, maana roketi ya maji ni vitu viwili tofauti, kabla ya maji kutoka na baada yake.

Jambo jingine ni mshono. Kwa presha ya PSI 50 (PSI ni kipimo cha upepo unachokisoma kwenye geji ya pampu), mdomo wa chupa wenye upana wa ndani wa milimita 22 unatoa msukumo wa zaidi ya kilo 25, kama mfuko mzima wa sembe, kwa kitambo kidogo sana. Si mzigo wote unaofika kwenye ukili. Kwa uzito tuliopanga, kawa na mchanga wake vinabeba kama kilo 13 au 14. Mzigo huo unaingia pale chupa inapokwama, na unalisukuma kawa kutoka ndani, unataka kuachanisha ukili na ukili. Pale pashone mara mbili kwa uzi wa nailoni. Ukili wenyewe wa miyaa haunitii wasiwasi hata kidogo. Mnaousuka mnajua kuliko mimi mahali unapoanza kufumuka, na kujua huko ndiko kunakotakiwa hapa.

Usilitarajie kwenda mbali. Upana wa sentimita 36 ni kifua kipana, hewa italizuia mapema, na kwa hesabu yangu litafika mita tano au sita, juu kidogo ya paa la bati. Ukisuka jingine la kimo kilekile lakini upana wa sentimita 24, eneo linalopambana na hewa halifiki hata nusu ya lile la kwanza, na linaweza kukaribia mita nane au tisa. Mnazi mrefu halitaupita. Lakini litakwenda wima, na hilo mimi nalithamini kuliko chupa inayokwenda mita 40 ikiyumba.

Wengine mnaotaka maumbo yenu, dema, taa, jahazi au chochote: ukishindwa kupata kitovu cha upepo kwa hesabu, chora ubavu wa roketi yako kwenye kadibodi kwa vipimo vyake halisi, ukate, halafu uisawazishe ile kadibodi juu ya ukingo wa rula. Inapokaa sawa, chukulia hapo ndipo kitovu cha upepo. Kwa roketi za kawaida njia hii hukionyesha mbele zaidi kuliko kilivyo, kwa hiyo ukikosea unakosea upande wa usalama. Hesabu kamili zaidi aliziandika Mmarekani James Barrowman katika miaka ya 1960, na hata leo warushaji wa roketi ndogo wanazitumia.

Shikamoo Mwalimu. Kwa nini tusiweke injini juu, ivute roketi badala ya kuisukuma? Kitu kinachovutwa hakiwezi kupinduka. — Mwanafunzi, Chumbageni

Marahaba, mwanangu. Umefikiri kama Robert Goddard, na huyo si mtu mdogo. Tarehe 16 Machi 1926, huko Auburn, Massachusetts, Goddard alirusha roketi ya kwanza duniani iliyotumia mafuta ya kimiminika: petroli na oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika. Injini aliiweka juu, matangi yakaning'inia chini yake, kwa wazo lilelile lako. Iliruka sekunde 2.5, ikafika mita 12.5 juu, ikaangukia shamba la kabichi mita 56 kutoka pale. Baadaye yeye mwenyewe alihamishia injini chini.

Wazo linadanganya kwa sababu tunafikiria kamba. Ukivuta kitu kwa kamba, mkono wako uko palepale hata kitu kikiyumba, kwa hiyo kinarudi chini ya mkono. Injini iliyofungwa kwenye roketi haibaki palepale. Roketi ikiinama, injini inainama nayo, na nguvu yake inaelekea kule kule roketi ilikoinamia. Iwe juu au iwe chini, kwa habari ya kunyooka ni mamoja. Kinachonyoosha ni vile vitovu viwili nilivyomweleza dada wa Mwambani.

Ila jaribu! Chupa yenye mdomo juu ni kazi ngumu kwa maji, lakini unaweza kurefusha roketi yako kwa kijiti chepesi kinachoshuka chini ya mdomo. William Congreve wa Uingereza alifanya hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1800, maroketi yake ya vita yalikuwa na fito ndefu badala ya mapezi. Fito inasogeza uzito nyuma kidogo, lakini inakisogeza kitovu cha upepo nyuma zaidi. Kipande chembamba cha ufito wa mianzi cha mita moja, kilichofungwa ubavuni mwa chupa, kinatosha kukuonyesha.

Mwalimu, maji ni ya watoto. Sisi tunataka baruti. Rafiki yangu anakusanya vichwa vya njiti za kibiriti na anasema atatafuta mbolea. Tupe vipimo. — Kijana, Muheza

Sitoi. Na nakuomba, mwanangu, barua hii umsomee rafiki yako leo, si kesho.

Bomba lililojazwa mchanganyiko kama huo halijui kwamba umekusudia liwe roketi. Likiziba kidogo, au mchanganyiko ukiwa na ufa ndani, linapasuka, na anayekuwa karibu ni yule aliyelishika. Mara nyingine hupasuka hata kabla ya kuwashwa, wakati wa kushindilia. Nchini kwetu baruti ni kitu cha kibali pia, na anayeitengeneza nyumbani anavunja sheria.

Msidhani nawanyima kitu ambacho wenzenu wa nje wanaruhusiwa. Marekani walipita njia hii wakaumia. Sputnik, satelaiti ya kwanza duniani, ilipopaa tarehe 4 Oktoba 1957, vijana wengi kule walianza kushindilia mabomba majumbani. Aliyewapa njia nyingine ni Orville Carlisle, mwenye duka la viatu mjini Norfolk, Nebraska. Mwaka 1954 alikuwa ametengeneza roketi ndogo ya karatasi yenye injini ya kubadilisha, na mwaka 1957 akashirikiana na Harry Stine, mtu aliyefanya kazi kwenye uwanja wa majaribio ya makombora wa White Sands. Wakaweka kanuni: injini itoke kiwandani, mwili uwe wa karatasi, mbao au plastiki, isiwe ya chuma, iwashwe kwa umeme kutoka mbali. Mrushaji hachanganyi kemikali. Kanuni hiyo ndiyo imeufanya mchezo ule uwepo mpaka leo.

Injini hizo sijaziona zikiuzwa Tanga. Tuna maji, na maji si ya watoto. Kwa PSI 50 yanatoka mdomoni kwa mita 26 kila sekunde, zaidi ya kilomita 90 kwa saa. Nendeni mkamtie mtu mzima mshangao kwa hayo.

Mwalimu, mimi fundi baiskeli Ngamiani. Nina kompresa ya kujazia matairi. Nikiipa chupa PSI 120, si itapanda zaidi? Na kizibo changu kinachomoka mapema, nifanyeje? — Fundi

Fundi, itapanda zaidi mpaka siku itakayopasuka. Chupa mpya ya soda huvumilia presha kubwa, lakini yako si mpya: imegongwa, imekwaruzwa na mchanga, imekaa juani. Plastiki ile huanza kulegea kwa joto la nyuzi 70 hivi, na bado ikiwa na joto la jua la saa saba mchana haina nguvu ya asubuhi. Mimi huishia PSI 60, na nakuomba nawe uishie hapo. Kompresa iache. Inajaza haraka kuliko macho yako yanavyosoma geji. Pampu ya mkono au ya mguu yenye geji, na mpira wa mita tano kati yako na chupa. Tena iwe chupa ya soda. Chupa za maji ya kunywa ni laini, hazikutengenezwa kubeba gesi.

Kila chupa ipime kabla ya kuirusha. Ijaze maji mpaka juu kabisa, pasibaki nafasi ya upepo, halafu ipampu mpaka PSI 60 uiache kidogo. Maji hayabanwi, kwa hiyo hayaweki akiba ya nguvu. Chupa mbovu ikipasuka ikiwa imejaa maji inachanika na kumwagika, basi. Ikipasuka ikiwa na upepo inarusha vipande.

Kizibo ndicho kazi yako hasa. Chukua ndala iliyokwisha, ile yenye soli nene. Noa mdomo wa kipande cha bomba la chuma, utoboe nacho visahani vitatu, uvibandike kimoja juu ya kingine kwa solusheni yako ya pancha. Vikikauka, visugue kwa msasa huku ukizungusha, mpaka viwe na umbo la kuchongoka kidogo: milimita 20 juu, 25 chini. Tundu la katikati litoboe kwa spoku ya moto, na liwe jembamba kuliko valvu ili valvu iingie kwa nguvu na raba ya ndala iishike yenyewe. Valvu ikate kwenye tubu kuukuu, uache duara dogo la mpira kwenye kitako chake, likae juu ya kizibo kwa ndani ya chupa. Presha ikipanda inalikandamiza lile duara na kuzuia uvujaji. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanalikata lote.

Kuchomoka mapema ni kwa sababu ya uso laini. Lowanisha kizibo, kiingize kwa kukizungusha, kisipigwe. Milimita chache za ndani zaidi zinabadilisha presha ya kuachia, kwa hiyo weka alama ya kalamu kwenye kizibo ujue kila mara umefika wapi.

Na isipoachia kabisa? Hakuna mtu kuikaribia wala kuichungulia. Ndiyo sababu nataka utoe ile sindano ya ndani ya valvu, halafu kwenye mpira, karibu na pampu, uweke kiungo cha njia tatu chenye koki. Ukiona geji imefika 60 na chupa imegoma, unafungua koki ukiwa mbali. Maji yatatoka kwanza, upepo utafuata, chupa italegea.

Ni wapi Tanga pa kurushia, na saa ngapi? Majirani wananilalamikia. — Mama wa watoto watatu, Makorora

Majirani wana haki, mama, mtaa wa bati na nyaya za umeme si mahali pake. Nendeni ufukweni siku ambazo maji yanapwa alfajiri. Sahare na Mwambani mchanga unabaki mpana, hakuna mnazi wala waya, na mkiangalia kalenda ya mwezi mtaijua siku mapema. Nendeni alfajiri kukishapambazuka. Upepo wa umande ukitoka bara huwa mwembamba, halafu kuna kitambo cha utulivu kabla ya upepo wa bahari kuingia. Wakati wa kusi mchana msijisumbue, na kaskazi nayo ikikaza ni vivyo hivyo. Kama roketi inaelea kuelekea majini, ulizeni kijana gani anajua kuogelea kabla hamjarusha, si baada. Msikaribie uwanja wa ndege, wala upande wa Chongoleani kwenye matangi ya bomba la mafuta. Watoto mita kumi nyuma, anayepampu avae miwani. Chupa zote mzirudishe nyumbani, pamoja na zilizopasuka. Pwani yetu ina plastiki ya kutosha.

Mwalimu, ni kweli roketi za kwenda angani ziliwahi kurushwa kutoka pwani hii yetu, au ni hadithi za wavuvi? — Mvuvi, Pangani

Ni kweli, kaka, ila si upande wetu wa mpaka. Waitaliano walikuwa na jukwaa la baharini liitwalo San Marco, katika Ghuba ya Ungwana karibu na Malindi. Kati ya mwaka 1967 na 1988 satelaiti ziliondoka pale kwa roketi za Kimarekani aina ya Scout. Mashuhuri zaidi ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Hiyo ndiyo satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani, na jina lake la Kiswahili limo katika historia ya elimu ya nyota.

Walichagua pale kwa sababu ya ikweta. Dunia inapozunguka, mtu aliyesimama kwenye ikweta anakwenda mashariki mita 465 kila sekunde bila kunyanyua mguu. Roketi inayoelekezwa mashariki inaondoka na mwendo huo tayari, na mbele yake kuna bahari tupu. Sisi wa Tanga tuko nyuzi tano tu kusini. Natamani wanafunzi wetu wafundishwe jambo hili wakiwa wamesimama ufukweni, wakiitazama bahari ileile.

Shikamoo. Kaka yangu anasema chupa yake imefika mita 60. Nilisimama mita 30 kutoka kwenye kirushio, nikapima kwa protrakta pembe ya nyuzi 40 ilipokuwa juu kabisa. Nani mkweli? — Kidato cha tatu, Raskazone

Marahaba. Nimefurahi umepima, maana macho yakitazama juu huongeza sana. Urefu ni umbali wako mara tanjenti ya pembe. Tanjenti ya nyuzi 40 ni 0.84, mara 30 ni mita 25.2. Ongeza kimo cha jicho lako, tuseme mita 1.5. Chupa ya kaka yako imefika mita 26.7.

Ila hiyo ni kama ilipanda wima. Ikiwa iliinama kukuelekea wewe, pembe yako imekuzwa. Ikiinama kukukimbia, imepunguzwa. Mara nyingine mwambie yeye asimame mita 30 upande wa pili, akutazame, apime kwa wakati mmoja nawe kwa protrakta yenye uzi na kipande cha nati. Chukueni majibu mawili, mjumlishe, mgawe kwa mbili. Tofauti ya majibu yenu ikizidi mita tano, roketi ilikwenda mshazari na kipimo hicho msikiandike. Na kama kweli anataka 60, nyuzi utakazosoma pale uliposimama zinapaswa kuwa karibu 63.